Samatta ni Mmoja, Sisi ni Wengi

Ndugu wafanyakazi,

Jioni kazi ikiisha, vijana wetu hapa Kuluba hukimbilia mpira. Ni jambo zuri. Lakini nikiwaeleza habari za chama, baadhi hunijibu: "Mzee, mimi nitakuwa kama Samatta. Chama cha nini?" Leo nawajibu kwa habari za Samatta mwenyewe.

Mbwana Samatta ni mtoto wa Dar es Salaam. Mwaka 2011 alitoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, na mwaka 2015 akatwaa nayo ubingwa wa vilabu vya Afrika. Akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza. Fedha hazikumsahaulisha kwao. Mwaka 2018 yeye na mwanamuziki Alikiba waliandaa mechi ya hisani Dar es Salaam kusaidia shule. Tunamsifu, maana wako wenye mali wasiomkumbuka hata jirani.

Lakini angalieni vizuri. Mchezaji wa namna hiyo hahamii kilabu kwa maneno matupu. Hutia sahihi mkataba: mshahara kiasi gani, miaka mingapi. Wewe unayebeba magunia au kuchuma tumbaku, mkataba wako uko wapi?

Na wachezaji nao hudai kwa pamoja. Julai 2019, kwenye Kombe la Afrika huko Misri, Uganda Cranes waligoma kufanya mazoezi wakidai fedha zao. Walirudi uwanjani baada ya kupatana. Angegoma mmoja, angeambiwa afunge mizigo yake. Timu nzima nani ataifukuza?

Mfadhili hutoa akipenda, na asipopenda huna la kumwambia. Haki si hivyo. Tangu mwaka 2022 sheria ya Uganda inamtaka kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, apeleke akiba NSSF: asilimia 10 kutoka kwake na asilimia 5 kutoka mshahara wako. Hiyo si sadaka, ni jasho lako. Kamuulize mwajiri imefika wapi, lakini usiende peke yako.

Vijana, chezeni mpira. Akitokea Samatta kati yenu, tutashangilia wote. Wengine tutakaobaki na magunia, tuingie chamani.

Umoja ni nguvu!