Simbilisi na Gurudumu Wapi na Wapi?

Mwandishi mmoja ametuambia gazetini kwamba banda la simbilisi la kujitengenezea ni ubahili: nunua kizimba cha dukani chenye sakafu ya waya na gurudumu la mazoezi, au acha kufuga.

Sakafu ya waya, anadai, ni usafi kwa kuwa mkojo unapita. Unapita, kweli. Na vidole navyo vinapita, vinanasa, nyayo zinachubuka na kutunga usaha. Mbao zilizotandikwa nyasi kavu, zikibadilishwa mara kwa mara, zinatosha.

Lakini gurudumu! Hapo ndipo tunapojua kwamba bwana huyu hajawahi kumshika simbilisi. Gurudumu ni la vipanya vyepesi. Simbilisi ana kiwiliwili kirefu, miguu mifupi na mgongo usiotaka kupindwa kinyumenyume. Mtie humo umuumize. Anachotaka ni uwanja wa kukimbia na pa kujificha: boksi la sabuni lililotobolewa milango miwili, ili mwenzake akimkimbiza kwa huku atokee kwa kule. Akilitafuna, vyema, meno yake hayaachi kukua.

Eti kizimba hupendeza wageni. Wageni wa nani?

Pesa ya kizimba hicho mnunulieni simbilisi pilipili hoho: mwili wake hautengenezi vitamini C.