Umaskini wa mrejeaji haupimwi kwa dola tu

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Umaskini nao una daftari lake, lakini kwa maoni yangu daftari hilo bado halijajua kumwandika mrejeaji wa Burundi.

Tangu Juni 2025, Benki ya Dunia humhesabu kuwa fukara mtu anayeishi kwa chini ya dola 3 kwa siku. Dola hizo hurekebishwa kulingana na bei za kila nchi, na chakula anachovuna mtu shambani mwake nacho huthaminiwa.

Sasa mtazame aliyetoka kambi ya Nduta au Nyarugusu, Tanzania, akarejea kwao Muyinga. Mpango wa kurejea kwa hiari ulioanza 2017 ulimpa fedha kidogo na chakula cha miezi mitatu. Mwenye kuhesabu akifika mwezi wa pili, ataandika kuwa nyumba hii inakula. Akifika mwezi wa tano, ataandika mengine.

Umoja wa Mataifa ulianza mwaka 2010 kutumia kipimo kingine, kinachoangalia afya, elimu na hali ya maisha. Ni hatua nzuri. Hata hivyo, katika orodha yake ya mali zimo redio, simu na baiskeli, lakini ardhi haimo. Mwenye simu na baiskeli hahesabiwi kuwa amekosa mali, hata kama hana pa kupanda maharage.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Warundi walio wengi ni wakulima, na shamba dogo hugawanywa tena kila kizazi. Wengi waliokimbia 1972 walirudi wakakuta mashamba yao yana wenyewe wengine. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliahidi kuwarudishia mali zao, na tume ya ardhi, CNTB, ikaundwa 2006, lakini shamba moja haliwezi kushibisha familia mbili. Mjane naye hubanwa na mila isiyompa mwanamke urithi wa ardhi.

Asiye na shamba hukimbilia biashara ya mpakani. Mchuuzi wa Kobero hununua kwa shilingi upande wa Kabanga, akauza kwa faranga. Mei 2023 faranga ilishushwa thamani rasmi, na mtaani iliendelea kuwa chini zaidi ya bei ya benki. Basi mchuuzi huhesabu faida jioni, lakini akirudi Kabanga fedha zile zile hazinunui tena mzigo ule ule.

Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019. Ushauri wangu ni huu: wanaohesabu maskini waulize pia kama mtu ana shamba lenye hati, na kama mtaji wa jana unanunua mzigo wa leo. Bila majibu hayo, takwimu zitashuka huku njaa ikibaki vilimani.