TUTEMBEE DUNIA: Mji unaosherehekea theluji



Mwezi uliopita mama mmoja alitusimamisha kwenye foleni ya maji. Familia yake imeshaitwa mafunzo ya safari ya Kanada. Akauliza: "Nyinyi wa gazeti, hiyo theluji haiui watoto?" Hatukucheka. Sisi wenyewe tunajua mvua ya mawe tu, ile inayotoboa shitingi.

Basi mama, leo twende wote Sapporo, kaskazini ya Japani. Safu hii haidai tiketi wala viza. Mji ule una watu karibu milioni 2, na theluji ya msimu mmoja, ukiijumlisha yote, inakaribia mita 5. Na bado watoto wanaenda shule kila asubuhi.

Mwezi wa pili kunakuwa na sikukuu ya theluji kwenye bustani ya Odori, iliyonyooka katikati ya mji kama kilomita moja na nusu. Zamani, wakati wa baridi, bustani hiyo ilikuwa kama jaa: theluji ya barabarani ilizolewa ikatupwa pale. Mwaka 1950, miaka mitano tu baada ya vita, wanafunzi wa sekondari waliichukua wakachonga sanamu 6. Watu wakajaa kuangalia. Mwaka 1955 wanajeshi wakaja kusaidia, na hapo ndipo sanamu zikawa kubwa kweli kweli.

Siku hizi nyingine zinafika mita 15, yaani nyumba ya ghorofa! Malori yanaleta theluji safi kutoka nje ya mji. Wanajenga fremu ya mbao, wanajaza theluji, wanaishindilia kama sisi tukifyatua matofali, halafu wanabomoa mbao na kuanza kuchonga. Watoto wana mahali pao pa kuteleza. Wakisikia baridi, wanakula tambi za moto katika mchuzi wa miso, ambayo ni soya iliyochachushwa. Ndiyo, soya hiyo hiyo ya uji wetu.

Korona iliwafungia nyumbani mwaka 2021 na 2022. Mwaka 2023 watu walirudi bustanini.

Sasa mama, haya ndiyo ya kushika. Usiku baridi inashuka chini ya sifuri, hata nyuzi 7. Vaa nguo nyepesi kadhaa juu kwa juu, kuliko koti moja zito. Kichwa, masikio na vidole vya watoto visibaki wazi. Soksi ikilowa, ibadilishe hapo hapo. Njiani tembea hatua fupi fupi, unyayo wote ukanyage kwa pamoja. Sapporo penye vivuko kuna masanduku yenye vifuko vya changarawe; mpita njia yeyote anachukua na kumwaga penye utelezi, naye wa nyuma asianguke.

Sikukuu ikiisha, mashine zinabomoa sanamu zote, hata ile iliyopendwa kuliko zote.

Mama, ukifika Kanada utuandikie. Mwezi ujao, karatasi ikipatikana, tutaelekea jangwani.