Heshima haitoki ku ngumi

Kuna maneno tunasikia kila wakati kati yetu Warega, kuanzia Kamituga na Mwenga mpaka mitaa ya Bukavu: eti kijana asiyepigana hana heshima, na mila ndiyo imetufundisha vile. Sisi tunakataa. Huko ni kusingizia wazee.

Mtoto akirudi ku masomo na damu mdomoni, baba anamwambia nini? «Usilie kama mwanamuke! Rudi umupige, asipokuogopa atakuzarau.» Mtoto anameza machozi. Kesho yake anatafuta mwenye nguvu kidogo kuliko yeye, amwonee mbele ya wenzake ili naye apate jina. Msichana yeye anaharibiwa jina kwa masengenyo, hata kwa picha ya telefone, mpaka anachukia masomo. Kisha tunashangaa: hasira hii watoto wanaitoa wapi?

Tuangalie basi bwami, shule kubwa ya babu zetu. Wanaotupinga watasema kwamba kabla ya kuingia bwami kijana alitahiriwa katika bwali, akavumilia maumivu. Ni kweli. Lakini bwali ilikuwa mlango tu. Hakuna aliyepanda ngazi mpaka kindi juu ya ngumi. Alihitaji jamaa wa kumsaidia kukusanya mali, wakubwa wa kumsimamia, na tabia njema inayojulikana na watu. Mugomvi angesimamiwa na nani? Na mafundisho yalitolewa kwa methali, michezo na sanamu. Ile sanamu ya vichwa vingi, Sakimatwematwe, inamsifu mtu anayeangalia pande zote, mwenye busara na haki.

Wakoloni waliipiga bwami marufuku, na leo sanamu zetu nyingi ziko Ulaya, hata katika makumbusho ya Tervuren. Je, na akili yetu ilipandishwa meli pamoja nazo?

Wazazi, tuache kusifu ngumi. Mtoto akirudi analia, tumwulize, tumsikilize mpaka mwisho. Kisha tumwite na yule waliyepigana, wakubwa wa pande zote mbili wakae, kila mtoto aseme yake. Kulia hakumpotezei mtu jina. Kijana asiyepata nyumbani mtu wa kusikia uchungu wake, atatafuta inje watu wa kumwogopa. Na katika Kivu yetu, wenye bunduki hawakawii kumpokea.