Saa Tatu Iwe Saa Tatu

Bwana Mtengenezaji,

Naomba nafasi katika gazeti letu la Chama niwaeleze wenzangu jambo linalonisumbua moyoni. Ni jambo la dansi. Najua wako watakaosema kwamba dansi si jambo la kuandikiwa na karani mwenye kazi yake. Nawasihi wanisikilize kwanza, kisha wahukumu.

Mimi nakaa Kimara, pembeni mwa mji wa Dar es Salaam. Tangu utoto nyimbo za bendi nilizijua kwa redio tu, na hata katika shule ya misheni tulizisikiliza kwa siri baada ya taa kuzimwa. Nilipopata kazi niliazimia kwamba kila mwisho wa mwezi, Jumamosi moja, niende mjini nikazisikie kwa masikio yangu mwenyewe. Basi nimeingia kumbi za Kariakoo, Ilala, Kinondoni na Temeke.

Nilijifunza kwamba redio ilikuwa imenipa nusu ya wimbo. Wimbo wa dansi una sehemu mbili: kwanza waimbaji hutoa maneno yao kwa utulivu, kisha huja chemko, ambapo magitaa hukimbia, tarumbeta hujibizana, na watu wote husimama. Katika redio chemko hukatwa kwa sababu ya muda. Ukumbini huendelea maadamu wachezaji hawajachoka, na mpiga gitaa huwatazama miguu yao ndipo ajue la kufanya. Jambo hilo halichukuliki kwenda nyumbani. Hapana budi ulifuate.

Wala dansi si kitu kigeni kwetu sisi wenye kazi za ofisini. Katika siku za beni, chama cha Marini kilikuwa na makarani wengi, na Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. NUTA Jazz, iliyozaliwa mwaka 1964 na ambayo baadaye iliitwa Msondo Ngoma, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz, wenye mtindo wa Mchakamchaka, walikuwa wa kiwanda cha nguo. Mlimani Park, wana Sikinde, walioanza mwaka 1978, walikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Wapigaji wengi wa siku zile walipokea mshahara wa mwezi kama sisi. Siku hizi wengi wao hula kwa kiingilio cha mlangoni.

Sasa nieleze yaliyonipata. Usiku mmoja nilikwenda katika ukumbi ambao tangazo lake lilisema saa tatu. Nikalipa, nikaketi. Saa nne vijana walikuwa wakiunganisha nyaya. Ilipokuwa saa tano kasoro dakika kumi, gitaa la kwanza likalia. Nilisikia nyimbo mbili, na wa tatu ulipokaribia chemko nikaondoka, nisije nikaachwa na basi la mwisho. Mwezi uliofuata nilikaidi, nikabaki, na pikipiki ya kunirudisha Kimara ikanigharimu mara tatu ya kiingilio. Mama watoto aliniuliza neno moja tu: "Umecheza kwa saa ngapi?" Sikuwa na jibu.

Nilipomwuliza msimamizi wa ukumbi ule, alinijibu kwa adabu, "Bwana, wateja wenyewe hawaji mapema." Ni kweli, lakini kweli hiyo ina mama yake. Ajaye saa tatu huadhibiwa kwa kungojeshwa. Mara ya pili huja saa tano. Mara ya tatu haji kabisa. Bendi humngoja mteja, na mteja huingoja bendi.

Tena mji umebadilika, na saa za dansi hazikubadilika. Mwaka 1964 mfanyakazi aliyekaa Ilala au Magomeni aliweza kurudi kwake kwa miguu, dansi likiisha saa yoyote. Leo wengi wetu tunakaa Kimara, Mbezi, Mbagala na Gongo la Mboto. Wenye kumbi husema watu hawaipendi tena miziki ya bendi. Mimi nasema wapenzi wapo, ila wamehamia mbali, na hakuna aliyewafikiria.

Dawa yake tulikwisha kuwa nayo. Katika miaka ya 1970 bendi zilipiga mchana wa mwisho wa juma dansi lililoitwa bugi, nalo lilikuwa la vijana. Kwa nini lisirudi kwa ajili ya watu wazima? Lianze saa tisa alasiri na kwisha saa moja ya jioni. Hata wazee wetu wanaolalamika kwamba dansi ni ulevi na kupoteza mshahara wataona mtu akiingia na mkewe na kurudi nyumbani kabla watoto hawajalala.

Kwa hiyo naomba Kamati ya Chama chetu iwaandikie wenye kumbi barua, yenye majina ya wanachama walio tayari kufika na kulipa. Nasema kulipa, kwa maana sisi makarani tuna tabia moja ya aibu: tukimjua bawabu, hutaka kuingia bure. Na tunaowalaumu wapigaji kwa kuchelewa, mara ngapi mkutano wetu wenyewe umeanza kwa saa iliyoandikwa?

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Tuzo letu kwa wapigaji hawa na liwe mambo mawili: kiingilio mkononi, na kufika kwa saa. Nao watutuze kwa kuanza.

Wasalaam,
Ni mimi mwenzenu,
Karani wa Kimara