Kasumba ya "Hakuna Kinachotokea"

Limekuwa jambo la kawaida, walimu wakutanapo kuzungumzia sinema zifaazo kuonyeshwa darasani, kuwasikia baadhi ya wenzetu wakitoa hukumu kwa maneno mawili tu: hakuna kinachotokea. Hukumu hii sasa imetolewa juu ya sinema ya Kifaransa iitwayo Au revoir les enfants, iliyotungwa na kuongozwa na Louis Malle mwaka 1987. Wenzetu hao hawasemi kwamba sinema ni mbaya. Wanakiri kwamba ni nzuri, ila, wasema, inakwenda polepole mno. Kwa hiyo mwalimu mwenye vipindi viwili na aonyeshe nusu saa ya mwisho, ambamo Wajerumani wanaingia shuleni, na yaliyotangulia ayasimulie kwa ufupi. Sisi twaupinga ushauri huu, na hoja zetu ni hizi.

Yafaa kwanza tukumbushane kisa. Ni Januari 1944, na Ufaransa ingali mikononi mwa majeshi ya Ujerumani. Mtoto Julien Quentin anaagana na mama yake penye gari moshi na kurudi katika shule ya bweni inayoendeshwa na mapadri. Katika kitanda kilicho karibu na chake analetwa mwanafunzi mgeni, Jean Bonnet, hodari wa hesabu na wa piano, asiyependa kusema habari za kwao. Siku baada ya siku Julien anagundua kwamba Bonnet si jina la kweli. Mwenzake ni Myahudi, jina lake Kippelstein, na mkuu wa shule, Padri Jean, amemficha pale.

Kisa hiki hakikubuniwa hewani. Malle mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 11, alikuwa mwanafunzi huko Avon, karibu na Fontainebleau, tarehe 15 Januari 1944, siku ambayo Gestapo waliwakamata wanafunzi watatu wa Kiyahudi pamoja na mkuu wa shule, Padri Jacques. Watoto hao waliangamia Auschwitz. Padri aliikuta siku ya ukombozi akiwa hai, lakini afya yake ilikuwa imekwisha, akafa Juni 1945. Malle alitengeneza sinema nyingi kabla ya kuthubutu kuigusa habari hii. Ilipotoka, miaka 43 ilikuwa imepita. Mtu aliyengoja miaka 43 ili aseme neno hana haraka. Nasi tuna haki gani ya kumharakisha kwa sababu kengele ya kipindi inakaribia kulia?

Sasa tuulize: katika sehemu hiyo inayodaiwa kuwa tupu, kweli hakuna kinachotokea? Watoto wanapigana uani wakiwa juu ya mironjo. Julien anakojoa kitandani na kuificha aibu yake gizani. Usiku mmoja anaamka na kumwona Jean akisali peke yake mbele ya mishumaa miwili. Wawili hao wanapotea msituni jioni, baridi ikiwauma, na wanaowarudisha shuleni ni askari wa Kijerumani, waliowafunika blanketi. Wakati wa hatari ya mabomu, wengine wamekwenda kujificha, wao wanabaki juu wakipiga piano moja kwa mikono minne na kucheka. Hayo ndiyo mambo ambayo wenzetu wanayaita "hakuna". Lakini urafiki wa utotoni umejengwa kwa kitu gani kingine? Hakuna mtoto anayempenda mwenzake kwa tukio moja kubwa. Anampenda kwa kitabu walichoazimana, kwa siri waliyoitunza, na kwa njia waliyoipotea pamoja.

Na hapo ndipo kilipo kiini cha hoja yetu. Mtu wa Gestapo anapoingia darasani na kuuliza ni nani aitwaye Kippelstein, hakuna anayejibu. Anageuka kuing'oa bendera iliyochomekwa katika ramani ya vita ukutani. Katika nukta hiyo Julien, bila kukusudia, anageuza macho na kumtazama rafiki yake. Ni kutupa jicho tu, wala si zaidi. Lakini adui amegeuka na kuliona jicho hilo, na yote yamekwisha. Jean anavikusanya vitu vyake na kuwapa mkono walio jirani naye.

Mwanafunzi aliyeanzia katika nusu saa ya mwisho ataona nini hapo? Ataona mtoto asiyemjua akimtazama mtoto mwingine asiyemjua. Lakini yule aliyekaa nao tangu mwanzo atalijua jicho hilo limetoka wapi: ni jicho la upendo, na upendo huo huo ndio uliosaliti. Jambo hilo halisimuliki kwa ufupi. Mwalimu anayesema "walikuwa marafiki sana" amesema maneno matatu, na hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyeomboleza kwa sababu ya maneno matatu.

Tena kuna habari ya Joseph, kijana maskini mwenye mguu mbovu, mtumishi wa jikoni. Aliwapelekea Wajerumani habari za shule, na katika miongozo tuliyozoea kuwaandikia wanafunzi tungemweka upande wa wabaya na kuendelea. Lakini sinema, kwa mwendo wake wa taratibu, imekwisha kutuonyesha kwamba Joseph alifukuzwa kazi kwa biashara ya magendo aliyoifanya pamoja na watoto wa matajiri, Julien akiwa mmojawapo. Watoto hao walibaki shuleni. Yeye alitupwa nje kwenye baridi, na Padri mwenyewe, aliye mtu mwema kuliko wote, alikiri kwamba alikuwa akitenda jambo lisilo haki. Ukiikata sinema, Joseph anakuwa shetani. Ukiitazama yote, unabaki na swali lisilokupa usingizi: mlango wa usaliti ulifunguliwa na nani? Sisi tuliozoea kuchuma "funzo" katika kila kazi ya sanaa kama mtu achumaye embe, tukaitupa kokwa, tuna haja kubwa ya swali la namna hiyo.

Tuseme pia juu ya baridi, maana hata hilo limeharibiwa. Tumeona tafsiri inayoyaita majira ya sinema hii "kipupwe". La hasha! Mtu wa pwani anajua kwamba kipupwe huja baada ya masika, na kwamba Januari ni kaskazi na joto lake. Kipupwe humpa mtu nafuu. Baridi ya Julien haimpi mtu kitu. Watoto wamevaa kaptura na makoti, uani ni kijivu, ukutani ni kijivu. Baridi hiyo si pambo la mandhari. Ni hali ya nchi ambayo kila mlango umefungwa, na joto pekee lililobaki ni la mtu na mwenzake. Basi tuseme majira ya baridi, tena tuyaache yachukue muda wake.

Na jina la sinema? Wapo wanaolitafsiri "Kwaherini Watoto" na kuridhika. Wenzetu wa Kongo, Burundi na Rwanda, ambao wanakijua Kifaransa, watatuunga mkono tukisema kwamba maneno hayo yana ahadi ndani yake, ahadi ya kuonana tena. Kiswahili hakikukosa neno lake. Tunalo tangu zamani: kwaheri ya kuonana. Padri Jean anawaambia hivyo wanafunzi waliopangwa uani, huku akipelekwa asikorudi, na Jean anageuka mara moja mlangoni, na Julien anainua mkono. Ahadi haikutimizwa. Sauti ya Malle mwenyewe inatuambia ni kambi gani iliyomla kila mmoja wao, na kwamba asubuhi ile hataisahau mpaka kufa kwake. Alifariki mwaka 1995. Anayeliondoa neno "kuonana" katika jina ameiondoa huzuni yenyewe.

Wenzetu wa Rwanda hawahitaji kuelezwa na sisi jinsi jina lililoandikwa katika orodha ya darasa linavyoweza kugeuka hukumu ya kifo. Lakini wanafunzi wetu wengi, waliozaliwa baadaye na mbali, wanahitaji kulijua hilo, wala hawatalijua kwa muhtasari.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu: sinema hii ina dakika 104. Kama ratiba haitoshi, ombeni alasiri moja. Kama hata alasiri haipatikani, afadhali msiionyeshe kabisa kuliko kuwapa wanafunzi msiba wa watu ambao hawajajuana nao. Mtu hulia matangani kwa aliyemjua. Kwa asiyemjua hutoa pole, akaenda zake.