Usiharakishe Kung'oa Mbegu ya Zamani

Ndugu mkulima, ukionja divai nyeupe ya zabibu aina ya Timorasso, kutoka vilima vya Tortona kaskazini mwa Italia, ikiwa bado changa utakutana na uchachu mkali. Hifadhi chupa hiyo miaka mitano hadi kumi penye ubaridi na giza, kisha onja tena: sasa inanukia asali, na kwa mbali kama mafuta ya taa. Divai nyeupe nyingi kwa umri huo zimeshachuja.

Zabibu hii nusura ipotee. Mavuno yake hayakuwa ya uhakika, wakulima wakaing'oa na kupanda Cortese inayozaa zaidi. Miaka ya 1980, mkulima Walter Massa wa Monleale akaamua kuirudisha. Majirani wakamfuata, na leo divai hiyo, iitwayo Derthona, inatafutwa hata nje ya Italia.

Maoni yangu ni haya: wingi wa kilo si kipimo pekee. Lakini ada ya shule ya Januari haingoji divai ikomae. Kwa hiyo panda inayozaa, ila bakiza mistari michache ya mbegu ya zamani, na umtafute mnunuzi wa ladha yake kabla hujaongeza eneo. Ukishaing'oa yote, hutakuwa na cha kumwonjesha.